Sikukuu Isitukute Juu ya Mkarafuu

Wakulima wenzangu,

Ukitaka kuijua nyumba ya mkulima usiitazame siku ya Idi. Siku hiyo kila nyumba yanukia pilau na udi, na kila mtoto ana nguo mpya. Itazame siku tatu kabla. Baba amekwenda kukopa, mama amekasirika kwa kuwa samli haijaletwa, fundi cherehani amejifungia ndani asisumbuliwe, na watoto wanalia. Idi ya namna hiyo humkuta mtu kesha choka, na ikiondoka humwachia deni.

Naisema habari hii kwa kuwa imenipata mwenyewe. Mwaka 2000 ulikuwa na Idi za Fitri mbili, moja mwezi wa Januari na moja mwezi wa Desemba, nami ile ya pili sikuitia katika hesabu. Mikarafuu yangu ilikuwa imezaa vizuri, nikajiambia kuwa fedha ipo, iko mtini. Ramadhani ikaingia, ikafika kumi la mwisho, karafuu nyingi zingali juu na mkononi sina kitu. Nikamwendea mtu mmoja mwenye fedha nikamuuzia mazao ya mikarafuu ishirini kabla hayajachumwa. Fedha alinipa pale pale, na bei aliitaja yeye. Watoto wakavaa, tukala, tukafurahi. Baada ya Idi nilipita njiani nikaona karafuu zangu zimeanikwa kwenye majamvi yake, nyekundu nzuri, zimejaa uwanja. Mama watoto tulikuwa naye. Akaniambia, "Baba watoto, Idi tumeila siku nne. Na hizi tutazila lini?" Sikuwa na jibu.

Basi tulitazame jambo hili kwa hesabu. Mwaka wetu wa Kiislamu umepungukiwa na mwaka wa jua kwa siku 10 au 11. Mkarafuu wafuata mvua na jua, na Idi yafuata mwezi, kwa hiyo Idi huzunguka misimu yote na kurejea ilipoanzia baada ya miaka kama 33. Idi ya Fitri ya 2024 ilikuwa tarehe 10 Aprili, na ya 2025 ilikuwa tarehe 31 Machi. Kwa hesabu ya falaki, mwaka 2033 utakuwa tena na Idi za Fitri mbili, moja mwanzoni mwa Januari na moja mwishoni mwa Desemba. Aliyezaliwa juzi atakuwa anakwenda chuoni, na sisi tutakuwa pale pale nilipokuwa mimi mwaka 2000.

Kumbe shida yetu si moja. Idi ikiangukia masika, karafuu zimekwisha kuuzwa na fedha imekwisha kutumika. Idi ikiangukia vunoni, fedha bado iko mtini.

Hiyo ya kwanza dawa yake ni nyepesi kuisema na nzito kuifanya: siku ile ile unapopokea fedha ya karafuu, toa fungu la Idi kabla hujafika dukani. Sisi nyumbani tuna daftari. Tunaandika mchele, samli, sukari, nguo, nauli za jamaa, mkono wa Idi wa watoto, na mbele ya vyote zaka ya Fitri. Hii ni pishi ya chakula kwa kila kichwa, kama kilo mbili na nusu hivi za mchele, na sisi tuliokua tukipima karafuu kwa pishi hatuna udhuru wa kukosea. Nyumba ya watu wanane ni pishi nane. Mchele huo ununue mapema uuweke mbali, usije ukapikwa futari.

Nguo zinunuliwe Rajabu na zifike kwa fundi kabla ya nusu ya Shaabani. Fundi si mwongo, ila hawezi kumkatalia jirani yake, na ukimpelekea kitambaa mwezi 20 Ramadhani atakipokea na kukuambia Inshallah. Ukihofia mtoto kukua, mwambie fundi aache pindo refu. Na mwenye jamaa Unguja au Dar es Salaam awaambie wakate tikiti za meli mapema. Sisi watu wa Pemba kila kitu chetu chaja kwa bahari, na bahari haijui kuwa kesho ni sikukuu.

Sasa nije kwenye Idi ya vunoni, maana hapo ndipo tunapoumia.

Karafuu haingoji. Ikiachwa mtini hufunguka ua na thamani yake hushuka. Ikichumwa ikalundikwa mbichi usiku kucha hupata joto, na hata ukiianika baadaye hutoka nyeupe imesinyaa. Jua likiwa zuri, yataka siku tatu mpaka tano kukauka. Basi hesabu kurudi nyuma. Mchumo wa mwisho uwe siku tano au sita kabla ya Idi, na siku zinazobaki ziwe za kuchambua, kuanika na kuanua tu. Kwa kuwa mashada hayaivi pamoja, anza na miti iliyokwisha pevuka, na ile inayochelewa iache iwe ya baada ya Idi. Usiseme, "Nitamaliza shamba lote kwanza." Hutamaliza, na utaiswali Idi huku moyo uko kwenye majamvi, ukitazama wingu.

Wachumaji nao wana Idi yao. Waandikie pishi zao kila jioni, na uwalipe siku tatu kabla, si usiku wa kuamkia sikukuu. Mtu aliyefunga, aliyekesha, na anayefukuzia pishi mbili za mwisho apate viatu vya mtoto, ndiye huyo anayekwenda kukanyaga tawi bovu. Mkarafuu ni mti mrefu na tawi lake huvunjika bila kuaga. Kila kijiji kina mtu anayetembea kwa mkongojo kwa sababu ya karafuu. Mimi jioni za Ramadhani sipandishi mtu mtini, hata akitaka mwenyewe.

Neno moja juu ya jikoni. Sisi wanaume husema "Idi imefika," kama vile imekuja peke yake kwa miguu. Imeletwa na wanawake. Visheti hukaa siku kadhaa bila kuharibika, basi vikaangwe mapema. Mkate wa kumimina ndio uachiwe siku ya mwisho. Kufua nazi, kupasua kuni na kuteka maji kuwe juu ya wanaume na vijana, na iwe imekwisha mwezi 28. Mwezi ukiandama usiku wa 29 hapatakuwa na kukimbizana, na usipoandama mtapata siku moja nzima ya kupumzika, ambayo mama wa nyumba haipati mahali pengine katika mwaka.

Daftari letu huwekwa juu ya kabati. La safari hii mama watoto amelianza yeye, kabla hata ya mchele na nguo. Mstari wa kwanza ameandika: "Mikarafuu ishirini ya bondeni, haiuzwi mtini." Nami nimetia sahihi chini yake.