Njia ya Ujiji Ikifungwa: Kuchagua Programu ya Kuwashia Mifumo Miwili

Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo aliifunga njia ya misafara kati ya Tabora na Ujiji. Ujiji ilikuwa palepale na bidhaa zake; kilichokatika ni njia. Henry Morton Stanley, aliyekuwa Tabora akimtafuta mpelelezi Livingstone, alizungukia kusini na akafika Ujiji mwaka huohuo.

Kompyuta yenye mifumo endeshi miwili hupatwa na hali hiyo programu ya kuwashia inapoharibika. Windows ipo, Linux ipo, mafaili yapo. Njia ya kuyafikia ndiyo imezibwa. Basi unapochagua programu hiyo, jiulize kwanza: ikigoma, nitapita wapi?

Jibu linategemea umri wa mashine. Kompyuta za zamani hutumia BIOS, programu ya ndani ya mashine yenyewe, inayosoma sekta ya kwanza ya diski. Sekta hiyo ina baiti 512, na maelekezo ya kuwashia hupewa 446 tu. Ukisakinisha Windows baada ya Linux, Windows huyafuta maelekezo yaliyokuwepo. Ndiyo maana mafundi hutanguliza Windows.

Kompyuta za karibuni hutumia UEFI, mrithi wa BIOS. Humo kila mfumo una folda yake katika sehemu ndogo ya diski, kwa hiyo njia ya pili hubaki wazi: programu moja ikigoma, unafungua menyu ya mashine yenyewe na kuchagua nyingine.

Kati ya programu za kuwashia, GRUB huja pamoja na Linux za aina ya Ubuntu na Debian, na hufanya kazi kwenye BIOS na UEFI. rEFInd, iliyotolewa na Roderick Smith mwaka 2012, inahitaji UEFI. Hutafuta yenyewe mifumo iliyopo kila unapowasha, hivyo humfaa anayebadilisha mifumo mara kwa mara.

Angalia pia saa. Linux kwa kawaida huhifadhi saa ya dunia kwenye mashine, Windows huisoma kama saa ya hapa Tanzania, na unaweza kuikuta imerudi nyuma kwa masaa matatu.

Kwa kompyuta ya shule au ya chama cha ushirika cha wakulima wa tumbaku (AMCOS) mkoani Tabora, inayotumiwa na wengi, ningeweka GRUB, kwa kuwa ndiyo inayofahamika zaidi kwa mafundi wa Linux. Ila kabla ya kugusa diski, nakili mafaili yote kwingine, na uandae flashi yenye Linux inayowaka bila kusakinishwa. Flashi hiyo hukuingiza kwenye diski hata programu zote za kuwashia zikigoma, bila kuhitaji intaneti.