Usafi wa mboga huanza bondeni



Miji yetu ya Kasulu na Kibondo inakua. Nyumba zinajengwa miinukoni, na mchicha, kabichi na nyanya vinalimwa mabondeni karibu na maji. Hili ni jambo la kheri. Mji unaojilimia mboga hautegemei kila kitu kutoka mbali, na bei zikipanda watoto hawali ugali mtupu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Muislamu akipanda mmea, kisha akala mtu, mnyama au ndege, kwake hiyo ni sadaka.

Lakini sadaka isiwe na maradhi ndani yake. Mvua huteremsha kila kitu bondeni: kinyesi cha choo kilichojaa, mafuta machafu ya gereji na maji ya betri mbovu. Mboga ikimwagiliwa maji hayo hubeba vijidudu vya homa ya matumbo na mayai ya minyoo, ambayo huweza kukaa udongoni kwa miaka.

Vijidudu hufa kwa moto, lakini yako madhara yasiyoondoka kwa kupika. Mwaka 1999 watafiti Bahemuka na Mubofu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha utafiti wa mboga za majani zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi. Ndani yake walikuta madini ya risasi na kadimiamu. Risasi huharibu ubongo wa mtoto. Basi tusingoje miji yetu iwe mikubwa kama Dar es Salaam ndipo tulinde mabonde.

Tufanye nini?

1. Choo kiwe mbali na kisima, angalau mita 30, na kiwe upande wa chini.

2. Mafuta ya gari na maji ya betri yasimwagwe mtaroni.

3. Samadi ioze kabisa kabla ya kutumika. Maji yamiminwe kwenye udongo, siyo juu ya majani.

4. Mboga zioshwe kwa maji safi na kupikwa. Nyanya za kachumbari zioshwe kwa maji yaliyochemshwa.

5. Maji ya udhu yasipotee bure. Yatengwe na maji ya chooni, yaelekezwe kwenye bustani ya msikiti au madrasa.

Mtume (s.a.w.) amekataza kujisaidia penye maji, njiani na kivulini. Anayechafua maji huku juu, uchafu wake unaishia kwenye sahani ya jirani, na pengine ya mwanawe mwenyewe.

Wabillahi tawfiq.