Furaha Ndogo za Nyumbani

Mzazi akiulizwa ni lini alipofurahi kwa ajili ya watoto wake, mara nyingi atataja siku kubwa: siku ya kupewa jina, siku ya kufaulu mtihani, siku ya arusi. Siku hizo ni njema, lakini ni chache mno. Mtoto akikaa kwa wazazi wake mpaka atimize miaka 18, hizo ni siku zaidi ya 6,500. Je, zile nyingine zote zilikuwa za kazi gani?

Mjini Nairobi jambo hili lina historia yake. Wakati wa ukoloni, kwa miaka mingi vyumba vya wafanyakazi Waafrika vilijengwa kwa ajili ya wanaume wakaao peke yao, na mke na watoto wakabaki shambani. Mtaa wa Kaloleni, uliojengwa katika miaka ya 1940, ulikuwa miongoni mwa ile ya kwanza iliyopangwa ili mtu apate kukaa pamoja na jamaa yake. Baba wengi waliwaona watoto wao wakati wa likizo tu. Baba alifika na sukari, mkate na nguo mpya, na mtoto mdogo akajificha nyuma ya mama yake, asijue mgeni huyu ni nani. Ada ya shule ilikuwa imelipwa, wala hapakuwa na wa kumlaumu. Lakini jino la kwanza liling'oka yeye hayupo.

Na kung'oka jino si jambo dogo. Meno ya utoto ni 20, na la kwanza hutoka mtoto akiwa na umri wa miaka 6 hivi. Kwanza hulegea, ulimi haukomi kulisukuma, na kila apitaye mlangoni hualikwa alitikise. Likitoka, katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki hurushwa juu ya paa, na mtoto huomba apewe jipya lililo zuri zaidi. Bati likilia, wote hucheka. Shughuli yote haichukui dakika tano, wala haigharimu hata senti moja.

Tena kuna vitendawili vya jioni. Mtoto wa miaka mitano hutega kitendawili alichokitunga mwenyewe papo hapo, kisicho na jibu duniani. Baba akishindwa, hudaiwa mji. Akitoa Mombasa, mtoto hukataa. Ataka Mombasa pamoja na Kisumu. Baada ya kuizunguka miji yote miwili na kula vyakula vyake vyote, hukumbuka kwamba jibu limempotea.

Machi 2020 shule za Kenya zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, na wanafunzi wengi hawakurudi darasani mpaka Januari 2021. Taabu ilikuwa kubwa, na si vema kuisifu. Hata hivyo wako akina baba waliotambua wakati ule ni mtoto yupi aogopaye giza, na ni yupi aimbaye akiosha vyombo.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 humpa mama aliyejifungua likizo ya miezi mitatu, na baba wiki mbili, kwa mshahara kamili. Wako wanaume wanaoona haya kuziomba wiki hizo, wasije wakachekwa na wenzao ofisini. Haya hiyo ni ya bure kabisa. Aliyezipata na kuzitumia nyumbani hujifunza kutofautisha kilio cha njaa na kilio cha usingizi, elimu ambayo hakuna ofisi iwezayo kumfundisha.

Mama naye, arudipo sokoni amechoka, hukaribishwa mlangoni kwa uji wa udongo ndani ya kifuniko cha kopo. Hana budi kuketi, kuupuliza, na kujifanya anaunywa mpaka uishe. Kisha huulizwa kama sukari imetosha, na mpishi hatoki mahali pale mpaka ajibiwe.