Wanawake Nyuma ya Kamera (2): Filamu Iliyomnyamazisha Msimulizi

Sehemu iliyopita ilimhusu Alice Guy, Mfaransa aliyeanza kutengeneza filamu mwaka 1896, sinema ikiwa bado changa. Wengi wakishamtaja huyo huishia kuhesabu: wanawake wangapi waliongoza filamu, nani alitangulia wapi. Hesabu hiyo ina faida yake, ila haituambii mchango wao ni nini. Mchango hupimwa kwa jambo ambalo sinema haikulifanya kabla yao, na kwa Tanzania jambo hilo linaonekana vizuri kwa mwongozaji Flora M'mbugu-Schelling.

Tutazame kwanza alichokikuta. Vijijini Tanganyika sinema iliingia kama somo. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa Waingereza uliokuwa na makao yake Vugiri, Usambara, ulitengeneza filamu zipatazo 35 kuhusu kilimo, afya, kuweka akiba na mengineyo. Waliomo kwenye picha walitenda, na maana ya matendo yao ikatolewa na maelezo ya mtu mwingine. Uhuru ulibadili wenye kamera. Kampuni ya Filamu Tanzania ikaanzishwa 1968, lakini filamu yake Fimbo ya Mnyonge ya 1974 ilikuwa bado inahubiri, safari hii ujamaa.

Mwaka 1992 ikatoka These Hands. M'mbugu-Schelling alikwenda Kunduchi, Dar es Salaam, kwenye machimbo ambako wanawake, wengi wao wakimbizi kutoka Msumbiji, waliponda mawe kwa nyundo kupata kokoto. Filamu ina dakika 45 na haina msimulizi. Nyundo inapiga, wimbo unaanzwa, nyundo inapiga tena. Mtazamaji anaachiwa kazi hiyo mpaka naye achoke, na kuchoka kwake ndiyo maelezo yote anayopewa.

Atatokea wa kusema kwamba hata mwanamume angeweza kuipiga filamu hiyo. Angeweza. Wala uanamke peke yake si dhamana: Leni Riefenstahl alimtukuza Hitler kwa ustadi mkubwa mwaka 1935. Sizungumzii maumbile, nazungumzia nafasi. Mwanamke ndiye aliyelengwa zaidi na mafundisho ya afya na malezi, kwa hiyo alikuwa na sababu kuliko wengine ya kuichoka sauti ile ya msimulizi. Beatrix Mugishagwe alipotengeneza Tumaini (2005), kuhusu watoto walioachwa yatima na UKIMWI, aligusa mada iliyohubiriwa kuliko zote, akaitoa kama hadithi ya watoto wenyewe. Sisi wa Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mwaka 1983, hatuhitaji kuelezwa tofauti hiyo.

Pingamizi zito zaidi linatoka hapa kwetu Songambele, Kyerwa. Filamu hizo, mtu atasema, hatuzioni, na These Hands isingejaza kibanda umiza, maana kinachovuta watu pale ni mtafsiri anayetia chumvi juu ya picha za Kihindi na Kichina. Nusu yake nakubali. Ila mtafsiri anahitajika kwa sababu maisha yale ni ya ugenini. Anayepalilia migomba na kuanika kahawa hana haja ya kutafsiriwa mwanamke mwenye nyundo. Kinachobaki ni usambazaji, na hapo pingamizi linasimama. Binti ya Seko Shamte (2021) ndiyo filamu ya kwanza ya Kitanzania kuingia Netflix, lakini Netflix inataka bando na malipo ya kila mwezi. Aliyefika sebuleni, kwa wenye king'amuzi, ni Lamata Mwendamseke na tamthilia yake ya Jua Kali. Sidai kwamba amerithi kutoka Kunduchi, kwani Jua Kali ina maneno tele na fitina zake. Hata hivyo, humo mwanamke anakosea, anajitetea na kulipiza kisasi bila mtu wa pembeni kutufafanulia. Gharama za kuzifikisha filamu kama hizi Kyerwa na Karagwe, na nani azibebe, ni mambo ya sehemu ya tatu.