Kupanga Maandishi ya Kiswahili kwa Alama za HTML

Tenzi, mashairi na kamusi zetu nyingi sasa zinawekwa katika kurasa za intaneti. Kazi hiyo ni njema, lakini aghalabu wanaoifanya huitazama sura ya maandishi wakasahau umbo lake la ndani. Kusudi la makala haya ni kueleza jinsi HTML inavyopanga maandishi, na kuonyesha kwa nini mtaalamu wa Kiswahili yampasa kuzichagua alama zake kwa kufuata maana, wala si kwa kufuata sura.

HTML ilibuniwa na Tim Berners-Lee katika maabara ya CERN, Geneva, na maelezo ya alama zake za kwanza yalitolewa mwaka 1991. Ni utaratibu wa kutia alama katika maandishi: <p> hufungua aya, na </p> huifunga. Kivinjari huzisoma alama hizo, kisha huupanga ukurasa. Katika miaka ya 1990 wengi walitumia alama ya <font> kuchagulia rangi na ukubwa wa herufi. HTML 4 ya mwaka 1997 ilishauri iachwe, na HTML5 ya mwaka 2014 ikaihesabu kuwa si halali tena. Mambo ya sura yamekabidhiwa lugha nyingine, CSS. Kazi ya HTML ni kusema kila kipande cha maandishi ni kitu gani.

Tuchukue utenzi. Ubeti wake una vipande vinne vya mizani nane nane. Vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na cha nne hubeba kina kinachorudi katika kila ubeti. Ubeti ufuatao nimeutunga kwa ajili ya mfano tu:

Mwanangu nakupa neno,
ulishike kwa mkono,
uliandike kwa wino,
lisipotee daima.

Mwandishi akiubandika ubeti huu bila alama, mistari yake itapotea. Kwa desturi ya HTML, nafasi zinazofuatana, pamoja na miisho ya mistari, huonyeshwa kama nafasi moja. Ubeti utatokea kama sentensi ya nathari, na vina vyake vitafichika. Yafaa basi uandikwe hivi:

<p lang="sw">Mwanangu nakupa neno,

ulishike kwa mkono,

uliandike kwa wino,

lisipotee daima.</p>

Hapa <p> yasema kwamba huu ni ubeti mmoja, na 
 yasema kwamba mstari umekatika kwa sababu ya shairi lenyewe. Wako wanaorundika 
 mbili mbili ili kupata uwazi kati ya beti. Machoni hapana tofauti kubwa. Lakini programu inayohesabu beti kwa kufuata <p> itakuta aya moja tu, na utenzi wa beti mia utahesabiwa kuwa ubeti mmoja.

Maneno lang="sw" huitaja lugha kwa kifupisho chake cha kimataifa. Yakikosekana, programu inayomsomea kipofu kwa sauti huenda ikatamka Kiswahili kwa kanuni za Kiingereza, naye asipate mizani wala kina. Kwa utenzi ulioachwa katika hati ya Kiarabu huandikwa lang="sw-Arab", pamoja na dir="rtl" ili mwelekeo wa kuumeni kwenda kushotoni uwe dhahiri.

Jambo la mwisho ni herufi za mlazo. Katika vitabu vyetu herufi hizo hufanya kazi tatu: kukaza neno, kutenga neno la lugha nyingine, na kutaja jina la kitabu. Msomaji hupambanua kwa akili yake, kompyuta haiwezi. HTML5 huzitenga: <em> ni ya mkazo, <i> ni ya neno la kigeni au istilahi, <cite> ni ya jina la kitabu. Kwa kawaida zote tatu huonekana kwa mlazo, lakini anayetaka kukusanya maneno ya kigeni yaliyomo katika matini atayapata iwapo tu hayakuchanganywa na mengine.

Na hapa Kiswahili kina njia yake. Mwingereza huweza kulikaza neno kwa sauti peke yake, na katika maandishi akahitaji alama. Sisi tuna ndi-: tukisema "Juma ndiye aliyeandika," mkazo umekwisha kuingia katika sarufi, na kuongeza <em> ni kusema jambo mara mbili. Kwa hiyo afasiriye ukurasa wa Kiingereza asiihamishe kila <em> aikutayo; kwanza aitazame sentensi ya Kiswahili kama inaihitaji.

Mashairi yetu yalihifadhiwa vifuani mwa watu, yakaandikwa kwa hati ya Kiarabu, kisha yakapigwa chapa kwa herufi za Kirumi. Kila yalipohama, mnakili alilazimika kuamua kipande kiishie wapi na ubeti uanzie wapi. Uamuzi huo sasa umo katika alama za HTML, na ni vyema ufanywe na wanaoijua bahari ya shairi, kabla haujafanywa na wasioijua.