Je, Wajua? Ebola huumiza na moyo
Je, wajua kwamba mtu aweza kupona Ebola huku moyo wake ukiendelea kuugua? Wengi waliopona husumbuliwa na hofu, huzuni, kukosa usingizi na kutengwa na majirani. Mlipuko uliotangazwa Agosti 1, 2018 mashariki mwa Kongo uliua watu 2,287. Katika mji wa Beni, ulioko eneo hilo, baadhi ya wagonjwa walilazwa katika vyumba vyenye kuta za plastiki angavu, ndugu wakasimama nje wakiwatazama usoni na kuzungumza nao. Nao waliopona, kwa kuwa miili yao ilikuwa imepata kinga, walipewa kazi ya kuwabeba na kuwabembeleza watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Ukimjua aliyepona, kampigie hodi leo.