Kafala: Kwa Nini Binti Yetu Hawezi Kuhama Kazi Akiwa Arabuni

Siku hizi vikundi vingi huombwa mkopo wa kumpeleka binti au mama fulani Arabuni akafanye kazi ya nyumba. Katika mkutano watu huuliza mshahara ni ngapi. Swali lisiloulizwa ni hili: je, mambo yakimharibikia huko, anaweza kutoka na kutafuta bosi mwingine?

Hapa kwetu mfanyakazi wa nyumba akinyimwa pesa zake anafunga nguo, anapanda matatu, basi. Huko sivyo. Nchi za Ghuba zinategemea sana wageni. Katika Qatar na Falme za Kiarabu wageni ni wengi kuliko wenyeji. Zinataka mikono yao, lakini hazitaki wakae wawe raia. Kwa hivyo sheria ya uhamiaji ilifungwa pamoja na kazi. Mpango huo unaitwa kafala, yaani udhamini. Bosi ndiye mdhamini, na kibali cha kukaa, kile wanachoita ikama, kinatoka mkononi mwake. Ukiondoka bila ruhusa yake anaweza kuripoti kwamba umetoroka. Hapo si ugomvi wa mshahara tena. Ni kosa la uhamiaji, na unaweza kushikwa na kurudishwa nyumbani mikono mitupu.

Sasa angalia vile jambo hili linagusa mshahara. Mtu asiyeweza kuhama hana nguvu ya kuitisha nyongeza. Hata bosi mwema anajua hivyo, sembuse mbaya!

Nchi nyingine zimelegeza kidogo. Mwaka 2020 Qatar iliondoa ile barua ya ruhusa ya bosi kwa anayetaka kuhama, na tangu Machi 2021 mshahara wa chini kabisa ni riali 1,000 kwa mwezi, hata kwa kazi ya nyumba. Saudia nayo ilibadilisha mambo Machi 2021, lakini wafanyakazi wa nyumba waliachwa nje. Na hao ndio binti zetu.

Serikali ya Kenya ilipiga marufuku safari hizi mwaka 2014, ikazifungua tena 2017. Maajenti wanatakiwa wawe wameandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Tena Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kontrakti ya kazi ya nje ithibitishwe na afisa wa leba, naye ahakikishe kwamba anayesafiri amekubali kwa hiari na ameelewa masharti. Wengi hupewa karatasi ya kutia sahihi dakika ya mwisho, huku wakiharakishwa kwenda uwanja wa ndege. Hiyo haitoshi.

Kwa hivyo kabla kikundi hakijatoa hata shilingi, mwitisheni ajenti hiyo kontrakti iliyothibitishwa. Isomeni pamoja, jina la mdhamini likiwemo. Kisha mwekahazina abaki na nakala, pamoja na nakala ya pasipoti, kwa sababu siku simu ikinyamaza, hizo ndizo karatasi mama mzazi ataulizwa.